Mita Mia za Masanja

Nakumbuka asubuhi moja kule Usangu, mwanangu, ukungu umelala juu ya majaruba ya mpunga hata ng'ombe wakaonekana migongo tu, kama wanaogelea. Nilikuwa msichana wa kuchunga na kuchota maji. Baba yako Masanja, kaka yangu, alikuwa amelala kifudifudi juu ya tuta, shavu limegusa kitako cha bunduki, na mimi nimekaa nyuma yake nimekumbatia magoti. Mpaka leo nikifumba macho hapa Ilula naisikia harufu ya mpunga mbichi na baruti kidogo, vimechanganyika, na sioni kama ni miaka mingi.

Nimeikumbuka kwa sababu yako. Uliponipigia simu kutoka Rujewa ukaniambia leseni imetoka na bunduki umeshaichukua, ile ndogo ya risasi nyembamba, uliniuliza swali ambalo sikutegemea kijana amuulize shangazi yake. Ulisema umesoma kwenye simu watu wanabishana: wengine wanasema urekebishe kilengeo bunduki ipige sawasawa kwenye mita ishirini na tano, wengine hamsini, wengine mia. Ukasema, "Shangazi, wewe ulikuwepo Babu alipokuwa nayo. Walikuwa wanaiweka wapi?" Nikakuahidi nitakujibu kwa utulivu. Basi tulia unisikilize.

Babu yako alikuja Usangu na ng'ombe kutoka kaskazini, mimi nikiwa bado nabebwa. Alipoanza kulima mpunga aliomba kibali cha bunduki ndogo, maana kanga walikuwa wanashuka kwa makundi na kufukua mbegu kabla hazijaota. Hakuwa mtu wa kuipenda sana. Aliisafisha, akaifungia sandukuni, na hakuna aliyeigusa yeye akiwa hayupo. Lakini Masanja alikuwa na macho makali na mkono uliotulia, na Baba, huyo babu yako, alifurahi kumfundisha. Yale mafunzo ndiyo asubuhi zangu nzuri kuliko zote. Tulikuwa hatusemi. Yangeyange wanatua, wanaruka, wanatua tena. Mlio wa bunduki ile ulikuwa mdogo, kama mtu amepiga kofi moja upande wa pili wa mfereji, na ukungu unaumeza.

Sasa mwaka mmoja alipita mgeni mmoja kwenye mashine ya kukoboa mpunga, akawasimulia vijana jinsi anavyopiga kopo kwenye mita mia kwa bunduki ndogo kama yetu. Masanja alirudi nyumbani amejaa maneno yale. Akamwomba Baba amruhusu abadilishe kilengeo. Kwenye bunduki ile kilengeo cha nyuma kilikuwa na kichuma chenye vingazi, vidato kama vya ngazi ndogo. Ukikisogeza, kilengeo kinapanda au kinashuka. Baba alimtazama kidogo, akasema, "Haya. Ni mkono wako, jifunze nao." Akakaa pembeni anamwangalia.

Ilichukua asubuhi nzima. Masanja aliweka kopo la mafuta ya kula mbali, kule tuta kubwa linapokutana na mfereji, mbele ya kingo ya udongo. Akapiga, akapandisha kingazi, akapiga tena. Mwishowe kopo likaruka. Ukungu ulikuwa umeshaondoka, jua limelifikia, na liliporuka lilimeta juu angani kama samaki. Masanja alicheka peke yake, kimya kimya, bila kumwangalia mtu. Mwanangu, ulimjua baba yako akiwa mtu mzima, mzito wa maneno. Natamani ungeuona uso ule.

Kuna jambo ambalo hakulitazama siku ile, na hakuna aliyemwambia. Risasi haiendi kama uzi ulionyooshwa. Inatoka ikipanda kidogo, inapita juu ya pale unapolenga, halafu inashuka. Ukitaka ipige sawasawa mbali, lazima katikati ya njia ipite juu. Kwa bunduki ile, iliyowekwa kwa mita mia, kwenye hamsini risasi ilikuwa inapita juu ya shabaha kwa upana wa vidole vinne hivi. Kwa mtu anayepiga makopo, vidole vinne si kitu.

Tulikuwa na mbwa anaitwa Tosha. Masanja alimlea tangu hajafungua macho, na walikuwa wakila pamoja mpaka Mama anagomba. Msimu ule Tosha alipotea kwa siku kadhaa. Aliporudi, mchana, alikuja akiyumba kutoka upande wa barabara, taya limening'inia, mate yanamtoka, anauma nguzo za zizi kama hajui ni nini. Baba alitambua mara moja. Alikwishaona kichaa cha mbwa kule alikotoka, na alikwishamzika mtu aliyekufa kwa ugonjwa huo.

Mama alikuwa mferejini anasuuza masufuria, mgongo ametugeuzia. Kati yake na sisi tuliokuwa mlangoni ndipo aliposimama Tosha, karibu mita hamsini kutoka kwetu, pembeni kidogo karibu na zizi la ndama.

Baba alitoa bunduki akampa Masanja. "Macho yako ni mazuri kuliko yangu," alimwambia. "Nyuma yake ni kingo ya udongo, hakuna mtu. Piga kichwa, asiteseke."

Masanja alipiga goti. Nilimwona akivuta pumzi akaishikilia, kama alivyofundishwa. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini mtutu haukucheza. Akapiga. Vumbi likaruka kwenye kingo, juu na nyuma ya masikio ya Tosha. Mbwa alishtuka, akageuka, akaanza kuelekea mferejini.

Mama akasikia. Akageuka naye, sufuria mikononi, akamwona mbwa wake mwenyewe anamjia. Nilikuwa naona maji yanadondoka kutoka kwenye lile sufuria, tone kwa tone, polepole, kama vile kulikuwa na muda wa kutosha.

Baba alishachukua bunduki. Alisogea pembeni mpaka Mama akawa hayupo kwenye mstari wake, kingo tu ndiyo iko nyuma. Akavuta komeo la bunduki kuingiza risasi nyingine, akalenga, nami niliona mtutu umeshuka chini ya kidevu cha Tosha. Akapiga. Tosha akaanguka kwenye matope, karibu kiasi kwamba Mama angeweza kumfikia kwa fimbo ya kuchungia.

Baba na Masanja walivaa mifuko ya plastiki mikononi, wakamfukia kwenye shimo refu mbali na maji. Baba aliwaangalia ndama mmoja mmoja, akamkagua na Mama mikono na miguu ingawa mwenyewe alishasema hakuguswa. Usiku Masanja hakula.

Kesho yake ukungu ulikuwa uleule. Baba alituita sote wawili tutani. Masanja alianza kuongea kabla hajaulizwa. "Baba, nisamehe. Mkono wangu ulitetemeka."

"Mkono wako haukutetemeka," Baba alisema. "Nilikuwa nyuma yako, niliona. Bunduki ilifanya kile ulichoiagiza. Uliiagiza ipige mita mia, ikapita juu ya Tosha kwenda huko mia." "Na mimi nilikuwepo ulipoiagiza, nikajua, sikusema. Nilidhani utajifunza kwa makopo. Kosa hilo tutaligawana."

Masanja alilia wakati huo, lakini kilio kingine, cha mtu aliyetuliwa mzigo.

Halafu Baba akaelekeza kidole kule kopo lilikoruka. "Niambie, mita mia, kuna nini kule?"

Masanja akaangalia. "Hakuna kitu, Baba. Maji tu."

"Basi twende tukaone vitu vilipo."

Tulichukua kamba ya kufungia magunia, mimi nikashika ncha moja, Masanja nyingine, tukapima. Kutoka mlangoni mpaka zizini. Kutoka tuta tunalojificha mpaka jaruba wanaloshukia kanga. Kutoka kwenye mti wa kivuli mpaka mferejini. Hakuna mahali palipozidi mita hamsini, isipokuwa mahali pamoja, na hapo ilizidi kidogo tu. Jua lilikuwa linapanda, sisi tunatembea na kamba yetu ndani ya ukungu, na nilihisi kama ndiyo kwanza naiona nyumba yetu.

Baada ya hapo Masanja akairekebisha kwa hamsini. Alipomaliza, Baba hakumruhusu ainuke. Alimtaka apige karibu, kwenye ishirini na tano, aone. Risasi ilikosea kidogo sana, chini ya upana wa kidole. Kisha akapiga mbali, kwenye ile mia yake, na risasi ikashuka karibu shibiri nzima. "Umeona," Baba alisema. "Sasa unajua kwamba kule mbali hujui risasi itapiga wapi. Kuache hivyo, usipige." Baba yako hakukigusa tena kile kingazi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, mwanangu. Kabla hujagusa kilengeo, chukua kamba, utembee shambani kwako mwenyewe, uone wanyama wanaokusumbua wanasimama wapi hasa. Sidhani kama utapata zaidi ya hamsini. Weka hapo. Lala chini, egemeza bunduki, usiwe na haraka, na ukishapata, jaribu karibu na jaribu mbali mpaka ujue risasi inakaa wapi kila mahali. Ukibadilisha aina ya risasi, anza upya, maana hata zikifanana hazipigi sawa. Nyuma ya unachopiga pawe na udongo, siku zote. Na ukiona mdogo wako anajiwekea umbali wa kujionyesha kwa watu wa mashineni, usikae pembeni ukimwachia ajifunze. Mwambie siku hiyohiyo, kwa upole.

Mungu aliyemrudisha mama yetu nyumbani na masufuria yake akulindie wa kwako. Macho yako yaone vizuri hata uzeeni, mpunga wako ujae, na bunduki hiyo ikae sandukuni siku nyingi kuliko itakazotoka. Nenda salama, mwana wa Masanja.