Sahani Chini ya Balbu

Kuna adhuhuri moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka naweka kijiko chini. Sikuwa nimefiwa wala sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimesimama dukani mjini Embu, simu mkononi, namtazama babu yangu aliyekuwa kijijini. Na nilikuwa nacheka.

Lakini ngoja kwanza, usishangae nikikuita mwanangu. Najua mimi bado kijana, pengine hata tumelingana umri. Kwetu jina halipotei, linazunguka ukoo. Mimi ni Wawira, jina la shangazi yangu, naye shangazi alipewa la mama mzazi wa babu. Kwa hivyo tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni, babu yangu, ambaye sisi humwita Guka, huniita Mama. Mzee mwenye mvi zake, akitaka chumvi mezani anasema, "Mama, nisogezee hiyo." Akinikosea ananiomba radhi kama mtoto aliyevunja chungu. Mtu akilelewa hivyo, neno mwanangu humtoka mdomoni mapema. Nivumilie.

Masomo yangu yaliishia kidato cha nne, na sijutii sana, kwa sababu kazi niliyopata naipenda. Nauza vyombo vya umeme katika duka la Mama Kendi, mwanamke wa Nkubu aliyekuja Embu kibiashara na hajawahi kunyamaza tangu afike. Chaja, redio, taa za sola, simu, vyote viko hapo. Mimi ni mtu wa kuota. Nikisikia kwamba wataalamu wametuma chombo kikatua nyuma ya mwezi, nafurahi kama binamu yangu amefaulu mtihani. Mama Kendi naye husoma habari hizo kwa sauti, na duka zima linakuwa baraza.

"Wawira, sikia hii. Kuna roboti inakunja nguo!"

"Inazifua pia?" akauliza mteja mmoja aliyekuwa akichagua chaja.

"Aa, inakunja tu."

"Basi hiyo imeumbwa kwa mfano wa bwana yangu. Kazi ngumu yote imeachiwa mimi."

Tulicheka mpaka chaja ikaanguka. Ndivyo tulivyopokea kila jambo jipya, kwa kicheko, halafu tukaliuza.

Lakini duka hufungwa jioni, mwanangu. Chumba changu kiko mtaa wa Dallas, hapa hapa Embu, kimoja, kina dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Ukiwa peke yako unajua kitu ambacho wengine hawajui: kijiko kikigonga sahani kinatoa sauti kubwa sana. Nilikuwa naegemeza simu kwenye chupa ya chai ili niangalie video za watu wakicheka, nipate wa kula naye. Ndugu zangu wameolewa mbali, baba yuko kazini Mombasa, mama tulimzika zamani. Na Guka naye, tangu mkewe afariki, alibaki peke yake juu kule kijijini Manyatta, na ng'ombe mmoja na kahawa yake na ukungu wa asubuhi.

Ndipo zikaja dukani zile balbu zenye kamera ndani. Unaifunga kwenye soketi kama balbu ya kawaida. Inaangaza, inaona, inasikia, na ukibonyeza kwenye simu yako inatoa sauti yako. Nilipoiona, moyo uliruka. Jumapili iliyofuata nilipanda Manyatta nikaifunga kwenye baraza ya Guka, pale anapokaa kula chakula cha mchana, nikamwachia na kile kidude cha intaneti, bando nikawa nalipa mimi.

Guka aliizunguka ile balbu mikono mgongoni, kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari.

"Na wewe utakuwa unaniona kweli?"

"Kila wakati, Guka. Itakuwa ni kama niko hapa hapa."

Akavua kofia. Akainua uso akaiambia balbu, "Karibu, Mama."

Nilicheka, nikamkumbatia. Sikujua kwamba mzee hatanii.

Baada ya hapo, mwanangu, miguu yangu ilipata uvivu. Zamani kila Jumapili nilikuwa napanda. Sasa Jumapili moja nilikuwa na nguo za kufua, nyingine ikanyesha, nyingine nilichoka tu. Nikijisikia vibaya nafungua simu, namwona Guka amekaa barazani na koti lake, moyo unatulia. Yuko, anapumua, ng'ombe analia nyuma ya nyumba. Nilimwambia kila mtu kwamba balbu ile ni kwa usalama wake. Wahenga walishasema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini mimi nilidhani fimbo yangu ni ya kisasa.

Sasa nije kwenye adhuhuri yenyewe. Duka lilikuwa limetulia, watu wameenda kula. Nikafungua simu nikaiegemeza kwenye kaunta ili mimi na Mama Kendi tumtazame Guka. Yule mteja wa roboti alikuwepo tena, amerudisha chaja. Guka akatoka ndani amebeba sahani mbili za nduma, yale magimbi ya kwetu, na maharagwe. Moja akaiweka kando ya kiti chake. Ya pili akaiweka kwenye kigoda chini kabisa ya balbu, akaifunika kwa sahani nyingine, akaipanga sawa. Kisha akaketi, akavua kofia, akaweka mikono katikati ya magoti.

"Huyo mzee anatega kunguru?" mteja akauliza.

"Wacha wewe," akasema Mama Kendi. "Huyo ana mgeni. Wawira, babu yako amepata mchumba!"

Nilicheka mpaka machozi. Nikangoja nimwone huyo mchumba. Hakuja mtu. Mvuke wa nduma uliisha. Guka alikuwa akiitazama balbu, halafu anatazama sahani, halafu balbu tena. Baadaye akasimama polepole, akachukua ile sahani iliyofunikwa akammwagia mbwa wa jirani. Yake akairudisha ndani bila kuionja. Wakati anainama niliona koti limekuwa kubwa kuliko yeye.

Kicheko kilinikauka. Nikakumbuka kwamba hata jana nilimwona na sahani mbili, na juzi pia, na mimi nilifikiri ni jirani amepita. Alipotoka tena nikabonyeza ile sehemu ya kuongea.

"Guka, unangoja nani?"

Mzee alishtuka, akatabasamu, akaitazama balbu. "Si wewe, Mama? Si uko hapo?"

"Mimi niko Embu, Guka. Kazini."

"Lakini unaniona."

"Nakuona."

"Umekula?"

Nilitaka kudanganya, nikashindwa. "Bado."

"Sasa Mama, mimi nitakulaje mbele ya mtu ambaye hajala? Mzazi wangu mwenyewe ananitazama, mimi natafuna? Hayo nilifunzwa wapi?"

"Hiyo ni balbu tu, Guka. Kula. Tafadhali kula."

Akakisogeza kile kigoda chini ya balbu. Kisha akasema, bila ukali wowote, na hapo ndipo nilipoumia: "Mama, chagua moja. Njoo ule, ama ufunge hilo jicho lako nami nile."

Dukani hakuna aliyecheka. Mteja aliweka chaja chini akawa anatazama barabara. Mama Kendi, ambaye nimekwambia hajawahi kunyamaza, alinyamaza. Halafu akanivua aproni mwenyewe kama mtu anayemvua mtoto.

"Enda."

"Na duka?"

"Kwani nilizaliwa nalo? Enda, mtoto wa watu atalala njaa kwa ajili ya heshima."

Nilifika Manyatta jua likiwa bado juu ya mashamba ya chai. Guka alikuwa mlangoni. Hakuniuliza nimefuata nini. Aliingia ndani akapasha moto zile nduma, akaniletea maji ya kunawa, akaketi. Nilipoweka tonge la kwanza mdomoni, naye akaanza. Alikula, mwanangu, kama mtu aliyetoka kulima. Nilimwangalia shingo yake ilivyokonda, nikakosa pa kuweka macho.

"Guka, ina maana mchana umekuwa huli?"

"Jioni nakunywa uji huko ndani. Huko jicho lako halifiki."

"Na chakula cha kwangu?"

"Chakula cha mgeni hakirudi chunguni. Huyo mbwa wa jirani humwoni? Amenenepa kama diwani."

Nikacheka huku nalia, na yeye akacheka pia, halafu kicheko kikamtoka usoni taratibu.

"Unisikize, Mama. Mimi sichukii vitu vyenu. Ile redio uliniletea inanisomea habari, na taa ya sola imeniokoa na moshi. Lakini kila nikipiga simu unasema, 'Guka usijali, nakuona.' Mlima huu wetu nauona kila asubuhi tangu nizaliwe, na wenyewe ukiwa na macho naamini unaniona. Haujawahi kuniuliza nimelalaje. Kuonwa si kutembelewa."

"Mimi nilifikiri nikikuona hutakuwa mpweke."

"Nilipokuwa peke yangu nilijua niko peke yangu, nikala, nikalala. Ulipoweka jicho lako hapa nikaanza kungoja. Upweke wa kungoja ni mzito kuliko ule wa kawaida." Kisha akanitazama sana. "Na wewe huko chini, ni nani anakupakulia?"

Nilichovya tonge kwenye maharagwe. Nilifikiria chupa yangu ya chai na simu iliyoegemezwa. Kumbe tulikuwa wawili, kila mtu kwake, tunatazama kioo, na kila mmoja anafikiri anamlinda mwenzake.

Kabla ya kushuka tuliiondoa ile balbu pale barazani. Nilitaka kuirudisha dukani, lakini Guka akakataa. Akaibeba mwenyewe mpaka zizini.

"Weka hapa. Ng'ombe anakaribia kuzaa, mtazame wewe unipigie simu ukiona amelala chini. Huyu haoni haya kula akitazamwa."

Na kweli, wiki ile mimi ndiye niliyeona ndama anakuja, nikampigia Guka akawahi. Alinisifu kwa majirani mpaka nikaona aibu. Siku hizi napanda kila Jumapili, mvua iwe au jua. Katikati ya wiki nampigia simu, simwambii 'nakuona'. Namwuliza amelalaje. Sitakudanganya kwamba upweke umeisha. Jumatatu jioni Dallas bado kijiko kinagonga sahani. Siku nyingine namgongea mama wa chumba cha pili, naye hunikaribisha kwenye chai yake, au yeye huja kwangu. Siku nyingine hakuna mtu. Lakini sasa nikiwa peke yangu najua niko peke yangu, na siiti hali hiyo jina lingine.

Basi, mwanangu, shika haya. Habari za vitu vipya zifurahie, usiwe mtu wa kununa kila kitu kinapovumbuliwa. Dunia inapofungua mlango mpya ingia utazame, mimi nitakuwa mbele yako nikishangilia. Ila chombo kipya kikifika nyumbani kwa mzee, usimwache nacho ukaondoka. Kaa naye, umwulize anakielewaje, kwa maana kile unachokiona mchezo, yeye anaweza kukipokea kwa adabu zake zote. Usicheke haraka ukiona mtu anafanya jambo la ajabu mbele ya mashine. Huenda ni wewe anayekuheshimu. Na ukiahidi kwamba uko pamoja na mtu, miguu yako iwe shahidi. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni mtazame.

Nakuombea, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona mbali na moyo usioridhika na kuona tu. Uwe na mtu anayekuuliza umekula, na siku utakapoulizwa, usiwe na sababu ya kudanganya. Njia ya kwenu isikuote majani. Na yule anayekungoja leo, popote alipo, umkute angali hai, chakula chake kingali moto.

Thaai. Amani iwe nawe.