Maji Yaliyoshuka na Udongo

Mama yangu anaishi Oldonyo Sambu, upande mkavu wa Mlima Meru, na chini ya boma lake kuna lambo ambalo kila mwaka lilikuwa likikauka mapema zaidi. Lawama zote ikabebeshwa migunga ya mlimani. Imesongamana mno, watu walisema, inakunywa mvua yote kabla haijafika bondeni. Kikao cha kijiji kikakubali ipunguzwe. Nami niliona ni sawa, ingawa mtu anayeishi mjini na kufungua bomba Levolosi hana haki ya kuwa na maoni mengi kuhusu maji.

Tuliagizwa matawi yaachwe chini, yalazwe kukingama mteremko ili yazuie udongo. Lakini kwetu tawi la mgunga haliachwi lioze. Miiba ndiyo ukuta wa boma: ng'ombe walale ndani, fisi abaki nje. Kabla wiki haijaisha mlima ulikuwa umefagiliwa, na ukuta wa mama ulikuwa mnene kuliko wa jirani yeyote. Aliringa nao waziwazi.

Mvua ya kwanza ilileta maji kweli. Lambo lilijaa alasiri moja, mama akapiga vigelegele, na waliopendekeza kukata wakatembea vifua mbele. Mimi nilitazama rangi ya yale maji: mazito kama uji wa ulezi. Kule juu hapakuwa na kitu cha kuyapunguza mbio, yakashuka na udongo wote. Haraka haraka haina baraka, ila siku ile hakuna aliyetaka methali.

Kiangazi kilipofika, lambo lilikuwa tope tupu. Mtamba wa mama, mwenye mimba yake ya kwanza, aliingia kutafuta maji akazama hadi tumboni. Tulimvuta kwa kamba. Yeye alipona, ndama akatoka amekufa. Mama alikaa chini akalia, nami nikawakasirikia watu wote, yeye akiwemo.

Kesho yake asubuhi nilimkuta anabomoa ukuta wake. Alikuwa akiburuta miiba kuelekea mlimani.

"Yeyo, mama yangu, na fisi je?" nikamuuliza.

"Fisi nikimpigia kelele anakimbia," alisema bila kusimama. "Udongo nikiupigia kelele, utarudi?"

Tulipanda wawili tu. Majirani walitutazama, kila mmoja akiwa nyuma ya ukuta wake wa miiba.