Miji Saba Tangu Iringa

Mzungu akibeba begi kubwa mgongoni ni mtalii. Mswahili akibeba begi lile lile anauza kitu, au amegombana na mwenye nyumba. Mimi na mume wangu hatukuwa na bidhaa wala ugomvi, kwa hiyo kila tuliposhuka tuliulizwa tumeleta nini. Mikumi walitaka nguo za ndani za watoto. Kilosa mzee mmoja alitaka dawa ya panya, akaondoka amekasirika, akiamini tunayo ila tunamnyima. Kufikia Handeni nilikuwa nimechoka kueleza kwamba tunatembea tu, tunaiona nchi, na tukimaliza hii tunavukia Holili kwenda Kenya.

"Mnatembea tu," watu walirudia taratibu, kama unavyomrudia mgonjwa maneno yake.

Wazo la safari lilikuwa langu. Nimeuza viatu vya mtumba Tabora kwa miaka kumi na moja, nimekaa chini nikitazama miguu ya watu inavyokwenda, na siku moja nikaona na yangu ina haki. Mume wangu ni fundi cherehani, mtu wa kukaa. Yeye alitaka wiki tatu: twende Mbeya kwa dada yake, tusalimie, turudi. Mimi nikataja miezi minne na nchi tatu. Tukashukia miezi mitatu na nchi mbili, ya mwisho Kenya kwa mwezi mmoja. Mteja akikubali haraka najua nilianzia chini mno. Yeye hakukubali haraka. Alinyamaza, nami nikahesabu kunyamaza kwake kuwa ndiyo. Mabegi aliyashona mwenyewe, kwa turubai la kijani na mikanda ya viti vya gari bovu, kwa sababu ya dukani nilikataa bei yake mara mbili.

Handeni tuliingia mchana tukitokea Mziha, vumbi mpaka kwenye meno. Tukatafuta chumba mtaa wa Chanika. Mama mwenye gesti alikuwa barazani, amekaa mkekani anachambua kunde, na kabla hajataja bei nikamwamkia, nikamwambia tumetoka Tabora.

"Tabora? Wanyamwezi nyie?"

"Wanyamwezi halisi, mama."

"Marahaba, watumwa wangu," akasema, uso ukamfunguka. "Nani amewafungulia kamba?"

Wazigua, wenyeji wa Handeni, na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya miguu. Mtani anakutukana mchana kweupe nawe unacheka. Hilo nililijua, na nilijua pia kwamba mtani hatozwi bei ya mgeni. Nikamwambia babu zangu walipita hapa na mizigo kichwani wakaibiwa kuku na babu zake, basi chumba hiki ni fidia. Akasema babu zangu ndio waliokuwa kuku. Tulipomaliza kutukanana nilikuwa nimepata chumba kwa nusu ya bei, na maji ndoo mbili badala ya moja, na kwa Handeni, penye uhaba wa maji, hilo si jambo dogo. Nilikwenda kuzihesabu. Zilikuwa mbili.

Hapo nilifanya kosa ambalo mtu wa biashara hapaswi kulifanya. Nilichukua punguzo bila kuuliza limebeba nini mgongoni. Utani haukupi tu, unachukua pia.

Tulikaa siku tatu. Mimi nilizunguka soko, nikabishania machungwa ambayo sikuyahitaji. Mume wangu alilala. Akiamka alikaa barazani kwenye cherehani ya mama, ya kukanyaga kwa mguu, iliyokuwa imekufa mkanda. Akaifufua. Kisha akakunja pindo za mapazia ya gesti nzima bila kuombwa na mtu. Siku ya pili nilirudi kutoka sokoni nikasikia anaimba, nikasimama nyuma ya ukuta nisimkatize. Sikujiuliza mara ya mwisho kumsikia ilikuwa wapi. Ningejiuliza ningepata jibu.

Asubuhi ya kuondoka tuliyaweka mabegi barazani. Nikarudi chumbani kuangalia tena chini ya kitanda, na nilipotoka begi la mume wangu halikuwepo. Mama alikuwa amelikalia.

"Hili limekwisha kuwa langu," akasema. "Cha mtani ni changu. Mkilitaka, likomboeni."

Ndiyo desturi. Mtani akikuchukulia kitu huruhusiwi kununa. Unakikomboa kwa maneno na kwa zawadi ndogo, na mkimaliza mmecheka. Nikachuchumaa mbele yake. Hapo nilikuwa dukani kwangu.

"Nakupa sabuni, mama."

"Sabuni mimi naijua. Ipake wewe kwanza."

"Sabuni na kiberiti."

"Nikuchome nacho?"

"Sabuni, kiberiti, na mwanamume huyu akufulie wiki nzima."

Wanawake wawili waliokuja kuomba maji waliweka ndoo chini wapate kusikiliza. Mama akamgeukia mume wangu.

"We mtumwa, mbona kimya? Mkeo anakupiga mnada. Hulitaki begi lako?"

"Kaa nalo, mama," mume wangu akasema.

Baraza zima likacheka. Alilisema vizuri, wakati wake hasa. Nami nilicheka, kisha nikamtazama. Mtu akitania anakuangalia kama umecheka. Yeye alikuwa anaitazama cherehani.

Mama naye aliona. Kicheko kilimwisha kidogo kidogo. Akainuka, akalikung'uta turubai, akamvisha begi mgongoni, mkanda huu, mkanda huu, kama anavyovishwa mtoto wa shule.

"Nenda, mwanangu."

"Na ukombozi?" nikauliza. "Sabuni yako?"

"Sitaki."

Nimekataliwa bei na watu wa kila aina, wengine wakanirushia kiatu. Lakini mtani akikataa ukombozi anakwambia kwamba hapa pana kitu ambacho hakitaniwi. Na muda mfupi tu uliopita alikuwa anatuita watumwa. Sasa kamwita mume wangu mwanangu. Niliiacha sabuni juu ya mkeka nikaondoka haraka, kama mtu aliyepewa chenji kubwa kuliko stahili yake.

Korogwe ni mwendo mfupi. Tulipanga chumba Old Korogwe, karibu na mto Pangani, tukisubiri basi la Moshi la kesho yake. Alasiri tukaenda kula wali na samaki kwa mama mmoja aliyepanga mabenchi chini ya bati. Mume wangu alimaliza kula mapema, akaanza kumenya chungwa. Alilimenya ganda zima bila kukata, halafu hakulila.

"Ulimwambia kweli yule mama," nikasema.

"Kweli ipi?"

"Kaa nalo."

Akaliweka chungwa mezani. "Nimechoka, mke wangu."

"Sote tumechoka. Tukivuka tutapumzika siku mbili Taveta."

"Usianze."

"Siku tatu."

"Umeanza."

Muuza samaki alikuja kuchukua sahani, akatutazama, akaziacha. Kuna swali ambalo mwuzaji hulikwepa kwa sababu jibu lake laweza kufunga duka. Nikaliuliza.

"Umechoka tangu lini?"

"Iringa."

Nikahesabu kwa vidole chini ya meza. Mikumi, Ifakara, Kilosa, Morogoro, Turiani, Handeni. Sita. Nikarudia, maana nilikuwa nimesahau Mziha. Saba. Miji saba mtu huyu alikuwa ameamka kabla yangu, akakunja neti, akanishikia foleni, akamcheka pamoja nami mzee wa dawa ya panya, na kote huko alikuwa tayari amefika mwisho wake.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ungenipunguzia. Ningeomba kurudi nyumbani, ningepewa siku mbili Taveta."

Bei niliyoitaja ilikuwa hiyo hiyo.

"Sasa unataka nini hasa?"

Akafikiri. "Kuamka gizani nikajua swichi ya taa iko wapi. Juzi nimepapasa ukuta nikashika mjusi."

Nikacheka, naye akacheka, na ilikuwa afueni. Kisha nikamwambia basi, kesho tunarudi Tabora wote wawili. Niseme ukweli: nilitaka akubali. Miguu yangu ilikuwa na malengelenge matano, nyonga iliniuma upande ninaolalia, na Kenya nilikuwa nimeanza kuiona kama ngazi nyingine ya kupanda na mzigo. Turudi kwa sababu yake, niwe mke mwema, na aliyeshindwa awe yeye. Hiyo ndiyo ilikuwa faida niliyoitafuta.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini? Si umechoka?"

"Mimi. Wewe unataka kuvuka."

"Sitaki sana."

"Unataka. Turudi wote, halafu kila jioni uniangalie kama unavyoangalia kiatu kilichokosa mwenzake? Nenda."

"Wiki moja, basi. Nione Mombasa nirudi."

"Tulipatana mwezi."

"Wiki mbili."

"Mwezi," akasema. "Utakuja unisimulie, mimi nimekaa."

Katika miaka yetu yote ya ndoa sikumbuki akipandisha kitu mimi nikishusha. Nilijaribu tena wiki tatu. Akatikisa kichwa, akaligawa chungwa, akanipa nusu. Na nilipokuwa nalila nikagundua kwamba sikuwa nabishana kwa ajili yake hata kidogo. Niliogopa. Miji yote ile nilidhani mimi ndiye ninayemvuta.

Jioni tuligawana vitu kitandani. Neti alinipa mimi, maana nyumbani ipo nyingine. Sufuria akachukua yeye. Malengelenge yangu akayafunga kwa vitambaa alivyovikata kwenye shati lake moja, safi, kila kimoja kwa kipimo chake.

Basi lake lilikuwa la kwanza, la kupitia Chalinze. Stendi hatukuwa na mengi.

"Usibishane na watu wa mpakani," akasema.

"Nitabishana kidogo."

"Najua."

Akapanda. Alipata kiti cha dirishani upande wa pili, kwa hiyo sikumwona tena, niliona tu mtu mmoja mnene aliyekaa kati yetu.

Langu lilichelewa kwa saa tatu. Lilipokuja nilikaa mbele, begi magotini, na kwa mara ya kwanza sikuwa na mtu wa kumwambia ashike hapa. Mashamba ya katani yalipita, kisha milima ya Usambara ikasogea karibu na barabara. Mkumbara tulisimama, watu wakashuka na magunia yao, na simu ikalia kwa ujumbe. Alikuwa ameandika kwamba amelala tangu Segera, hakusikia kitu, ameamka sasa hivi Chalinze na abiria wenzake wanamcheka alivyokuwa akikoroma.

Nikamwandikia bado kuna mwendo mrefu hadi Tabora, alale tena.