Namba Thelathini na Nane

Edith alikuwa na ulimi, hilo hakuna wa kulificha. Ukiingia kwenye steshenari yake pale mjini Sumbawanga ukasema unataka kadi za harusi leo leo, atakuuliza kama bwana harusi anatoroka. Ukimletea picha iliyopigwa gizani atasema, "Huyu ni mtu au gunia la mkaa?" Halafu ataisafisha, itapendeza, na mwakani utarudi kwake tena. Mtaa mzima ulimwita Mama Viki, kwa jina la mwanawe wa kwanza, Victoria. Wateja wengi hata hawakujua kama ana jina lingine.

Kazi ya kupanga kurasa alijifundisha mwenyewe, kwa kukosea. Mwaka wake wa kwanza alitengeneza kijitabu cha kwaya, picha arobaini na kitu, kila picha ndani ya fremu yake na namba chini yake, na namba zile aliziandika mwenyewe moja moja. Zikatoka kumi na saba mbili. Waimbaji wawili wa sauti ya pili wakanuniana mpaka Pasaka, kila mmoja akidai kumi na saba ya halali ni yeye. Edith akaapa hatahesabu tena. Akauliza huku na huku, akagundua kwamba programu yenyewe inajua kuhesabu. Unaweka alama ndogo chini ya kila fremu, na namba zinajipanga kwa zamu. Ukiongeza picha katikati, za mbele zinasogea zenyewe. Ukiondoa moja, zinarudi nyuma kuziba. "Kompyuta haichoki wala hainuni," alikuwa akiwaambia wateja, na yeyote aliyekubali kusimama dakika mbili alionyeshwa.

Kwa hiyo mwezi wa sita, alipopewa kijitabu cha mahafali ya darasa la saba katika shule aliyosoma Viki kule upande wa Kasense, kazi ile aliipanga siku moja. Watoto sitini na wawili, kwa mpangilio uleule wa namba zao za mtihani. Viki alikuwa wa thelathini na nane. Alikuwa amepigwa picha na sweta lililotoboka kiwiko, mama yake akamfokea kwa nini hakuazima lililo zima.

"Kiwiko kiko wapi, mama?" Viki akamuuliza, akiinama kwenye skrini. "Si umekikata mwenyewe na fremu yako?"

Ilikuwa kweli. Walicheka wote wawili mpaka mteja akauliza kuna nini.

Mwezi wa nane Viki akaugua. Homa ilianza Jumatatu, Alhamisi akafariki, Jumamosi wakamzika Mpui kwa babu yake, na upepo ulivuma hata sala hazikusikika vizuri. Sina la kuongeza hapo. Mtoto alikuwepo, akawa hayupo.

Watu wa huku wana roho nzuri, na roho hiyo nzuri ndiyo iliyommaliza Edith. Walikuja na unga, walikuja na maharage, walikaa naye matangani bila kuchoka. Alipofungua duka tena, jirani yake Kabula, muuza vitenge, akamsalimia, "Umeamkaje, Mama Elia?" Elia ni mtoto wa pili. Edith alidhani Kabula amepitiwa. Lakini fundi viatu naye akasema Mama Elia, na yule mama wa chapati vilevile, ndipo akaelewa kwamba wamekubaliana, pengine palepale msibani, kwamba jina la Viki lisitajwe lisije likamchoma. Alipomweleza Dominiko, mumewe, akajibiwa kwamba kila mtu anatoa pole anavyojua, awaache. Edith mwenye maneno yote yale hakumsahihisha mtu. Akawa anaitika.

Siku chache kabla ya mtihani akaja Mwalimu Oswaldi, mwalimu mkuu, kofia mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Akakaa kwenye benchi. Akaongea habari za baridi, akaongea habari za mbolea. "Mama Elia, kile kijitabu," akasema hatimaye. "Wahitimu sasa ni sitini na mmoja. Kama ni kazi nzito, tunaweza kumpa mtu mwingine."

"Nitaifanya mwenyewe, mwalimu."

Alingoja mchana duka lilipotulia. Akafungua ukurasa, akabofya picha ya Viki, akafuta. Papo hapo thelathini na tisa ikawa thelathini na nane, na arobaini ikawa thelathini na tisa, na wote waliofuata wakasogea mpaka mwisho. Nafasi ya Viki ikachukuliwa na Jovina, binti wa Kabula. Ukurasa ulikaa safi, hauna pengo, kana kwamba darasa lile tangu siku ya kwanza lilikuwa la watoto sitini na mmoja. Edith akairudisha picha. Viki akarudi na sweta lake. Akafuta tena. Akarudisha. Alifanya hivyo mara nyingi, na kila mara mashine ilihesabu bila kusita. Hiyo ndiyo mashine aliyoisifia miaka yote. Na watu nao, aliona, wamefanya hivyohivyo, wamemsogeza Elia mbele, wameziba.

Akafuta mara ya mwisho. Kisha akaizima ile hesabu ya kompyuta, akaandika namba mwenyewe, kitu alichoapa hatakifanya tena. Moja hadi thelathini na saba, halafu thelathini na tisa hadi sitini na mbili. Hakuweka picha, hakuweka jina, hakuweka msalaba. Alitaka kitu kimoja tu, namba ya mtoto wake asipewe mtu mwingine. Alirudia kukagua mara nne isije ikatokea kama ya wale wanakwaya, akaituma kazi shuleni, nao wakaipeleka Mbeya kuchapwa.

Siku ya mahafali alikwenda. Dominiko alimwambia si lazima, akamjibu kwamba anajua si lazima. Alipewa kijitabu mlangoni, akakiweka mapajani bila kukifungua. Mwalimu Oswaldi alikuwa akiwaita watoto wapokee vyeti kwa namba za kwenye kijitabu, na Edith alikuwa akingoja mahali pamoja tu, pale atakapotoka thelathini na saba na kuruka.

"Thelathini na saba, Teodori." Makofi. "Thelathini na nane, Jovina."

Vigelegele vikapanda upande wa Kabula. Edith akafungua kijitabu. Namba zilikwenda moja kwa moja hadi sitini na moja. Akapiga makofi, maana Jovina ni mtoto mzuri, na kule Mpui alilia mpaka akakauka sauti.

Baadaye Mwalimu Oswaldi akamfuata, akamwinamia ili wengine wasisikie. "Mama Elia, usiwe na wasiwasi. Tuliona namba imerukwa, tukajua ni mawazo ya msiba. Nikawaomba wale wachapaji wa Mbeya wazipange upya. Hatukutaka kukusumbua."

Uso wake ulikuwa umejaa huruma tupu. Edith angemtukana mtu wa aina nyingine. Huyu alimwambia, "Asante, mwalimu," akaenda nyumbani kwa miguu, na njia nzima alilia bila kujificha.

Matokeo yalipotoka, wazazi wakajaa dukani kama kila mwaka, maana wengi hutafutiwa na kuchapishiwa palepale. Kabula alisimama nyuma ya kiti chake, kashika kikaratasi chenye namba ya Jovina ingawa Edith aliijua. Edith akafungua orodha ya shule, akaanza kushuka. Thelathini na sita. Thelathini na saba.

Thelathini na nane ilikuwepo. Victoria Dominiko, jina lake lote, na mbele ya kila somo X. Chini yake, thelathini na tisa, Jovina na alama zake. Wale wa mtihani hawakumjua Viki, wala hawakuwa na habari kwamba mama yake anaumia. Waliandikishiwa mtoto, mtoto hakuja, wakaandika kwamba hakuja, na namba yake hawakumpa mwingine.

Kabula naye alikuwa ameona. Alijiziba mdomo.

"Amefaulu," Edith akasema. "Hongera, mama. Furahi tu, mwanao kasoma."

Akabofya kuchapa. Mashine ikatoa karatasi ya kwanza, Kabula akaichukua. Ikatoa ya pili.

"Na hii ni ya nani, Mama Elia?"

Edith aliichukua ingali na joto, akaikunja mara moja, akaitia kwenye mkoba wake.

"Ya Mama Viki," akasema.