Mwaka Baba Alipotangaza Besiboli

Jumamosi asubuhi, nikiwa naanika nguo nyuma ya nyumba yetu hapa Toongabbie, viungani mwa Sydney, husikia gongo la aluminiamu likigonga mpira kwenye uwanja wa watoto ulio ng'ambo ya reli. Ni sauti kali na kavu, kama sufuria iliyoangukia sementi. Mume wangu ameshanizoea. Ananiona nimesimama na shati bichi mkononi, linanidondokea miguuni, nikisubiri sauti ya pili ambayo zamani ilikuwa haikosi kufuata ile ya kwanza. Ilikuwa sauti ya baba yangu.

Baba alipenda michezo kama wengine wanavyopenda chakula: hakuchagua. Alikulia Uvira, na kandanda aliijua kwa masikio kabla ya kuijua kwa macho, maana nyumbani kwao hapakuwa na televisheni bali redio moja iliyonasa stesheni za Tanzania. Huku Sydney, nyumbani kwetu mtaa wa Blacktown, alizungumza Kiswahili chetu cha Kongo kama kawaida. Lakini mchezo wowote ukianza mbele yake, hata watoto wakikimbizana barabarani, ulimi wake ulivuka ziwa hadi Tanzania. "Mpenzi msikilizaji," angesema, kidevu juu, chupa ya maji mkononi kama kipaza sauti, na kuanzia hapo usingesikia tena neno la Uvira. Mama alikuwa akisema aliolewa na mtu mmoja na redio moja.

Besiboli ilitukuta kwa bahati. Baba aliendesha foklifti, lile gari la kunyanyulia mizigo, kwenye bohari moja, na mwenzake wa zamu, mzungu mmoja mpole aliyeitwa Greg, alikuwa kocha wa timu ya watoto iliyopungukiwa wachezaji. Baba alirudi nyumbani na glavu ya ngozi iliyochakaa, akaniwekea mezani karibu na sahani ya sombe, kisamvu chetu. Hakuzijua kanuni hata moja. Mchezo ni mchezo, alisema, tutaelewa mbele ya safari. Kufikia mwezi wa pili alikuwa akitangaza kila mechi kwa Kiswahili, na wazazi wa Kiaustralia, waliokuwa hawaelewi kitu, walisogeza viti vyao karibu naye na soseji zao mkononi. "Mrushaji anapangusa jasho, anaangalia kulia, anaangalia kushoto, anaachia. Amepiga. Mpira unakwenda, unakwenda, huyo, huyo, huyooo." Hiyo "huyooo" hata wao waliijua, wakawa wanaimalizia pamoja naye.

Nawaambia mapema, msije mkanisikiliza mkitarajia mazuri. Mwaka wangu wa pili kwenye timu ile, macho ya baba yalikuwa yanakufa. Ni presha ya macho, ugonjwa usiouma. Unaanza kula pembeni, kidogo kidogo, hadi mtu anabaki akiitazama dunia kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Daktari alimwambia aache kuendesha. Lakini kuacha gari kulikuwa pia kuacha foklifti, na foklifti ndiyo ilikuwa kazi yake. Baba akamwambia mama: nitaacha msimu ukiisha. Sisi watoto, mimi Riziki wa miaka kumi na mmoja na mdogo wangu Amani wa minane, hatukuambiwa. Dawa yake ya matone ilikaa mlangoni mwa friji, karibu na mayai. Tuliambiwa ni ya mzio wa maua, na kwa kuwa nusu ya Sydney hupiga chafya majira hayo, tuliamini.

Haya yote niliyajua baadaye. Wakati ule mimi nilichojua ni kwamba mama amegeuka kuwa mtu wa kelele. Yeye hakujua kuendesha, hata kuwasha injini hakujua, lakini mwaka ule alihamia kiti cha mbele na hakunyamaza tangu tunatoka Blacktown hadi tunafika. "Papa Riziki, taa njo hiyo, imekuwa nyekundu." "Kuko mutu ya kinga ku kushoto." "Camion inatoka ku kuume, ngojea kwanza." Taa, baiskeli, lori, hakuacha kitu. Mimi na Amani tulikunja nyuso kiti cha nyuma.

"Mum, he can see it," nilimwambia siku moja, nikiwa nimechoka.

Baba alicheka. "Mumuache mama yenu aseme. Yeye njo GPS yangu."

Mama hakucheka. Sasa nikikumbuka, namwona alivyokaa: mgongo haugusi kiti, mkono mmoja umeshika dashibodi. Nilidhani ni ushamba. Mwanamke yule alikuwa akiendesha gari kwa mdomo, na wanawe wamekaa nyuma yake.

Na hakuna mwaka tuliosafiri kama ule. Timu ikiwa na mechi Wollongong, baba angetaka tusonge mbele hadi Kiama kuona bahari inavyoruka kutoka kwenye mwamba. Ikiwa haina mechi, tungepanda milimani, tukala ndagala, dagaa wa kwetu, wa kukaanga kwenye meza za bustani huku watalii wakitazama tunakula nini. Hakuwa na sababu nyingine ila ile waliyo nayo watu wote, tembea uone. Tukifika mahali hakukaa. Alisimama na kugeuza kichwa polepole, kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha akarudia, kama mtu anayemwagilia bustani kwa mpira wa maji. Amani alikuwa akimwigiza kwa nyuma, na mimi nikicheka. Mama alimchapa Amani kofi la mgongo siku moja kwa ajili ya mzaha huo, kofi zito kuliko kosa lenyewe, na sote tulishangaa.

Uwanjani niliwekwa nyuma kabisa, kushoto, kwenye nyasi, mahali wanapowekwa watoto wanaokimbia vizuri lakini wasioaminika sana. Sikulalamika. Kulikuwa na upepo, na mpira ulikuja mara chache. Baba ndiye hakuridhika. Kila Jumamosi, kabla mechi haijaanza, alimfuata Greg na Kiingereza chake cha bohari, akamwomba anipange mrushaji, yule anayesimama katikati kwenye kichuguu cha udongo na kutazamwa na kila mtu. Greg alimweleza kwa upole kwamba Riziki bado hana shabaha. Wiki iliyofuata baba alirudi tena. Nilikuwa nikiona aibu hadi masikio yanapata moto. Niliamini kwamba kule nyuma simtoshi, kwamba baba anataka binti wa katikati na Mungu amempa wa pembeni. Hilo liliniuma, na sikumwambia mtu.

Kisha kulikuwa na ule mpira niliouangusha. Ulipigwa juu sana, ukaja kwangu taratibu, mpira ambao hata bibi kizee angeudaka. Uligonga glavu ukaanguka. Wazazi wa timu pinzani wakashangilia. Na papo hapo, juu ya kelele zao, nikamsikia baba: "Amedaka, mpenzi msikilizaji, Riziki amedaka, mtoto wa Uvira huyo, huyo, huyooo." Wazazi wetu walitazamana. Hawakujua Kiswahili, lakini furaha waliijua, na hapo haikuwa mahali pake. Nilimwona mama akimshika mkono na kumnong'oneza. Nilidhani baba amenifichia aibu kwa makusudi, na kwa wiki nzima nilimpenda kuliko kawaida.

Mashindano ya mwisho wa msimu yalikuwa Newcastle. Tulilala kwenye moteli yenye harufu ya sabuni na zulia la zamani. Asubuhi baba alituamsha mapema, akatupeleka ufukweni, akageuza kichwa chake kama kawaida, na mara hii Amani hakumwigiza. Kisha akamfuata Greg tena. Sijui alimwambia nini siku hiyo, maana aliongea kwa muda mrefu na Greg akatazama chini. Tulicheza mechi mbovu. Ilipofika zamu ya mwisho tulikuwa tumeachwa mbali hata miujiza isingetosha, na Greg akapiga kelele kutoka benchi: "Riziki, you're pitching."

Nilipanda kichuguu kile. Besiboli haina huruma kwa mrushaji. Ukitupa mipira minne ya ovyo, mpigaji anatembea bure hadi kituo cha kwanza, na anayemfuata vivyo hivyo, wanasukumana mbele mmoja mmoja bila mtu kugusa mpira, wakikupatia nafasi nzuri ya kutafakari maisha yako. Nilitupa juu. Nilitupa chini. Nilimpiga mtoto mmoja kwenye nyonga. Walitembea, wakatembea, wakaingia nyumbani, kituo cha mwisho chenye pointi, mmoja baada ya mwingine kama watu wanaorudi kutoka kanisani.

Na baba alikuwa kimya. Hilo ndilo lililonivunja. Tangu nianze mchezo ule sikuwahi kusimama uwanjani bila kusikia sauti yake. Sasa nilimsikiliza kati ya mpira na mpira, nikingoja hata uongo, hata "huyo" moja, na sikusikia kitu. Nilimtazama mara moja tu. Alikuwa amesimama wima nyuma ya wavu, vidole vyote ameviingiza kwenye matundu yake, chupa ya maji imelala chini. Nikasema moyoni, haya, amepata binti wa katikati na ameona alivyo. Nililia huku nikiendelea kutupa.

Baada ya mechi, mama alikuwa akiwaaga wanawake wengine, sanduku la barafu mkononi. Mimi na Amani tulikuwa tumesimama kando ya gari. Baba aliingia, akawasha, akarudi nyuma. Hakukuwa na mtu kwenye kiti cha mbele wa kumwambia kitu. Tulisikia mlio wa kupasuka. Ilikuwa begi la vifaa vya timu, kofia ngumu zimesagwa ndani yake, na muda mfupi tu kabla ya hapo juu ya begi lile alikuwa amekaa mtoto mdogo wa familia moja, akitafuna kamba ya kiatu. Mama yake alikuwa amemnyanyua ili ambadilishe nepi. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa tofauti.

Watu walisema si kitu, ni kofia tu. Baba alishuka, akainama, akapapasa gurudumu na begi kwa mkono, polepole, hadi alipoelewa. Mtu mmoja alimwambia habari ya mtoto, kwa kucheka, kama mtu anayesimulia bahati nzuri. Baba hakucheka. Alimwendea mama na funguo.

"Kamata," alisema. "Miye nimemaliza."

"Miye sijue kuendesha, Papa Riziki."

"Najua. Kamata tu."

Tulirudi kwa treni, na magongo yetu, na sanduku la barafu, na mito ya kulalia tuliyokuja nayo. Wiki iliyofuata mtu wa kanisani alikwenda kulichukua gari. Tukiwa ndani ya treni ile, mto mpana ulipita dirishani upande wa baba, maji yanametameta, na hakugeuza kichwa.

Mengine yalifuata kama yalivyongojwa. Foklifti ilikwenda, kisha kazi yenyewe. Mama alianza kuwaogesha wazee kwenye makao mawili tofauti, na hadi leo ndiye anayelisha nyumba ile. Besiboli iliisha, kwa sababu viwanja vya watoto viko mahali ambapo treni haziendi. Matone aliendelea nayo, yakachelewesha jambo, hayakulizuia. La kuvunda halina ubani. Sasa baba anajua mchana na usiku kwa joto la jua shavuni. Jumapili anaingia kanisani amemshika Amani bega. Redio anayo, lakini hatangazi tena. Nilimwomba mara moja, nilipompeleka mwanangu kumsalimia. Akasema hana sauti.

Mama ndiye aliyenieleza, mwaka jana tu, tukiwa tunamenya ndizi jikoni kwake. Nilikuwa nimemkumbusha habari ya ule mpira niliouangusha, kwa kicheko, nikisema baba alivyojua kunifichia.

"Hakukuficha," alisema. "Kule nyuma hakukuwa anakuona. Saison yote, musimu muzima."

"Sasa alikuwa anatangaza nini?"

"Alikuwa anasikiliza. Batu bakipiga makofi, anasema umedaka."

Niliendelea kumenya. Ilinichukua ndizi kadhaa kufika pale alipokuwa amenipeleka. Mpira ukipigwa ulimpotea hapo hapo. Nyasi za kushoto, za kulia, na mtoto aliyesimama juu yake, vyote vilikuwa gizani, na kwa umbali ule hata akigeuza kichwa kunitafuta hakunipata. Kitu pekee kilichobaki kwenye lile tundu lake la ufunguo kilikuwa katikati, kile kichuguu cha udongo, na yeyote aliyesimama pale.

Hakuwa akitaka binti bora. Alitaka nisogee mahali ambapo angeniona kabla hajamaliza kuona, na siku niliposogezwa hakutangaza kwa sababu hakuwa na haja ya kukisia. Alikuwa akinitazama. Na mimi, kwa kudhani ananionea aibu, muda wote ule nilikuwa nimevuta kofia hadi kwenye nyusi na kuinamisha uso, ili asiuone.