Fundi Nimo na Wanawake wa Riwaya za Kale

"Nimo, huyo mama unayemlilia kila asubuhi ni nani wako?"

Swali hilo aliliuliza Dipika, jirani wa ukuta mmoja, mzaliwa wa Kisumu, siku walipokutana nje wakitoa mapipa ya taka. Nimo Warsame alijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Si wangu. Ni wa kitabuni."

"Ala! Na mimi nimeshapika dengu nikuletee pole!"

Saa moja asubuhi, mtaa wa Sparkhill, Uingereza. Mabasi yanapishana Stratford Road, na dirisha la chumba cha mbele limefunikwa na mvuke wa pasi. Nimo, mjane wa miaka arobaini na saba, ameshasali na kumaliza uradi wake. Sasa yuko kwenye cherehani, anapunguza nguo za watu. Kando yake simu inamsomea riwaya ya Kiingereza cha zamani, aliyoazima kwa kadi ya maktaba.

Shule aliiachia darasa la saba, Garissa. Kiingereza anasema alikiokota sakafuni, akiwa amepiga magoti na pini mdomoni, wateja wakiongea juu ya kichwa chake.

Ndani ya simu, wanawake wa zama zile wanatembea kwenye mvua, sketi zimelowa hadi magotini. Mmoja anashona kofia apate kodi ya chumba. Mwingine amemkataa binamu tajiri, na nyumba nzima haimsemeshi.

"Wanaingia humu," Nimo anamwambia Dipika, sauti ikishuka. "Wanaketi pale, katikati ya mabuibui na magauni ya harusi. Nikikata uzi wananyamaza. Nikikanyaga mashine, wanaendelea."

Anacheka kidogo. "Maskini, zama zao mwanamke akiolewa, hata ujira wake ni wa mume. Sisi dini ilitupa chetu mapema. Lakini mila, dada yangu, mila ina mkono mrefu."

Mkono huo ulimfikia mwaka huu. Mumewe, Mohamedamin, dereva wa teksi, alifariki miaka mitatu iliyopita. Kwa mila ya Wasomali, ndugu wa marehemu humwoa mjane ili watoto wasitawanyike. Baada ya Idi, shemeji yake Abdirahim akaleta posa.

"Si mtu mbaya," Nimo anasema. "Watoto amewapeleka shule mwaka mzima, mvua na theluji. Kaka kama yule ningempata wapi? Lakini ni kaka."

Tatizo ni kwamba Abdirahim alitaka cherehani ihamie nyumbani kwake. Nimo naye, ambaye kwa mwezi hupata kama pauni elfu moja na mia moja, alikuwa ameona kijiduka cha kupanga karibu na stesheni ya Stechford. Mwenye duka alimpa hadi Jumatatu.

Wiki sita Nimo hakumjibu shemeji yake, akichelea kukata undugu. Akawa analitafuta jibu riwayani.

"Mwanamke akikataa posa, mwisho ama anaolewa na mwingine, ama anazikwa. Nikasema, Mola wangu, nionyeshe hata mmoja aliyebaki mwenyewe akanywa chai yake kwa raha. Sijamwona."

Jumamosi, Abdirahim anaingia na salamu, amevaa koti la sufu la marehemu kaka yake, alilopewa baada ya matanga. Dipika yuko hapo, anakunywa chai.

"Mama Iqra, nipunguzie mabega. Nitalivaa siku ya nikaha."

"Nikaha ya nani?"

"Yetu. Si ulinyamaza?"

"Kunyamaza?" Dipika anadakia. "Huyu kutwa anaongea na wafu wa Kiingereza! Ni wewe tu amekusahau."

Nimo hacheki. Anachukua pini, anasimama nyuma ya shemeji yake. Mbele yake ni mgongo ule ule, kola ile ile, bado ina harufu ya udi. Kwa pumzi moja Mohamedamin amerudi, anangoja kufungwa shali. Anabana bega la kulia. Anabana la kushoto.

"Shemeji," anasema taratibu, "kimya ni jibu la mwali. Mimi mjane, jibu langu hutoka kinywani. Nimekuchelewesha, na hilo nakuomba radhi. Lakini sitaolewa. Jumatatu naenda Stechford kutia sahihi, kwa jina langu."

"Na watoto wa ndugu yangu?"

"Ni wanao. Ijumaa njoo ule nao kama kawaida. Na koti livue, litakuwa tayari Jumanne."

Abdirahim hakulivua. Aliitazama mikono ya koti, akaipapasa kana kwamba ndiyo kwanza anagundua ni ya nani. Kisha akafungua mlango, pini zikiwa bado mabegani, akatoka.