Mawe ya Uani kwa Baba

Masika yalipokatika, majani ya uani kwa baba, kijijini Mlali, yalikuwa yamenifika magotini. Kesho yake angekuja fundi na mashine ya kufyekea, na alishanionya kwa simu: jiwe likirushwa na ile mashine, vioo vya madirisha havitabaki. Basi nikatoka mjini mapema, nikamwamkia baba, nikafunga kanga kiunoni na kuchukua jembe na karai. Mimi nikianza kazi sitaki kuzungumzishwa.

Mvua kubwa huteremsha mawe kutoka mlimani, kwa hiyo sikushangaa kuyakuta chini ya majani. Nikang'oa, nikatupia kwenye karai. Nilipoinuka kunyoosha mgongo ndipo nikaviona vishimo nilivyoacha. Vilifuatana kutoka mlango wa jikoni hadi chooni, kila kimoja hatua moja toka kwa mwenzake. Mvua haipangi mawe hivyo.

Baba akatoka na kopo la maji. Akashika fremu ya mlango, akatoa mguu, akapapasa chini kwa kidole gumba. Akapapasa tena. Uso wake ulinielekea mimi, nami nilikuwa karibu tu, lakini hakuniona.

Roho iliniuma. Miezi yote ile kwenye simu alisema macho yanamsumbua kidogo tu, ni vumbi. Nilijua kwa nini alificha. Kaka yangu alishasema kwamba siku baba asipojiweza atahamia kwake Dar, nyumba ifungwe. Na mama amezikwa nyuma ya nyumba hiyo.

"Mwanangu, upo?"

"Nipo, baba. Subiri kidogo, kuna matope hapo."

Hapakuwa na matope yoyote. Nilirudisha jiwe moja moja kwenye kishimo chake, naye akasimama akisikiliza.

"Haya baba, pita."

Akapita, jiwe kwa jiwe. Katikati akasimama, akalitikisa moja kwa kisigino.

"Hili linacheza. Lishindilie vizuri." Akapapasa jiwe lililofuata. "Na kaka yako asijue."

Fundi alipokuja nilimwambia asiiguse njia ya chooni, nitaifyeka mwenyewe kwa panga. Jioni kaka akapiga simu kuuliza hali ya baba. Nikasema hajambo kabisa. Baba, aliyekaa kando yangu, akanyoosha mkono kuushika wangu, akaukosa. Nikamsogezea.